Cheti Nilichojitengenezea Mwenyewe

Mwanangu, ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo. Umeniuliza kama mtu anayetaka kazi ya kudizaini ni lazima awe na digrii. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo sina hakika kama mimi ndiye wa kuulizwa. Ila nikiwa na umri wako niliishi na swali hilo hilo, tena nikalijibu vibaya. Acha nikusimulie, upime mwenyewe.

Nilikuwa nimeajiriwa kwenye steshenari moja kule Bagamoyo, hii kata yetu ya Tukuyu, si ile ya pwani. Mwenye duka alikuwa Mzee Salumu, ambaye babu yake ndiye aliyetoka pwani na biashara zake, akaipenda baridi ya huku, akabaki. Kazi yangu ilikuwa kutoa fotokopi na kuchapa barua za watu. Wateja wakipungua najifunza kuchora kwenye kompyuta, zile za zamani zilizojaza meza nzima. Nilichora kadi za harusi, mabango ya kwaya, kalenda. Nisijisifu, nilijifunza kwa kukosea, na kadi moja ilitoka na jina la bwana harusi wa harusi nyingine.

Basi wakaja akina mama wa Ikuti. Kikundi chao kilikuwa kinakausha ndizi na kuzifunga kwenye pakiti. Walitaka lebo, na zaidi ya lebo walitaka mtu mmoja atakayewafanyia kazi zao zote tangu siku hiyo. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kutoka kwenye fotokopi. Mwenyekiti wao, Mama Tumaini, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu kutoka kilima cha pili, alinitazama juu mpaka chini.

"Wewe binti, una digilii?"

Nikaanza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Yupo kijana wa Mbeya anayo. Naye tumemwambia alete lebo yake. Njoo Ikuti Alhamisi na ya kwako. Na cheti uje nacho, wenzangu watataka kukiona."

Hapo ndipo nilipopotea, mwanangu. Badala ya kushughulika na lebo, nikashughulika na cheti. Nani angenizuia? Kompyuta ninayo, printa ninayo, karatasi ngumu iko kabatini. Nilichora nembo ya chuo ambacho hakipo duniani, nikaweka duara la muhuri, nikabuni saini ya mkuu wa chuo na kuiharibu kidogo ili ionekane ya mtu mwenye shughuli nyingi. Siku mbili nzima. Nikisema haki, kilikuwa cheti kizuri.

Mzee Salumu alikikuta kwenye printa. Akavaa miwani, akakisoma polepole kama barua ya posa.

"Hongera. Chuo umemaliza lini? Maana mimi nilikuwa nakuona hapa hapa kila siku."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Na lebo iko wapi?"

"Bado, mzee."

"Ala! Yaani siku mbili umechora karatasi ya kusema unajua kuchora, na chenyewe cha kuchora hujakigusa?" Akavuta stuli akakaa. Hakufoka. "Sikiliza. Wale akina mama watakwenda kuuza chakula cha watu. Siku ikijulikana kwamba aliyewachorea ana cheti cha uongo, watu watauliza na ndani ya pakiti kuna uongo gani. Utakuwa umewaharibia wao, si wewe peke yako."

Hilo sikuwa nimeliwaza. Nilikichana mbele yake. Ilikuwa Jumatano asubuhi, na nikakaa kwenye kompyuta mpaka mzee alipofunga duka.

Alhamisi, kwenye nyumba ya kikundi kule Ikuti, nilimkuta yule kijana wa Mbeya, Elia, ameshafika, shati limenyooka, digrii yake kwenye bahasha ngumu. Lebo yake ilinitisha. Herufi safi, rangi zinaelewana. Kando yake yangu ilionekana kama ya mtu wa kijijini, na ndivyo nilivyokuwa.

Mama Tumaini akanyoosha mkono. "Cheti?"

"Sina, mama. Niliishia la saba. Nina hii lebo tu."

Mmoja akadakia kutoka nyuma, "La saba! Hata mimi la saba, basi nipeni mimi hiyo kompyuta!" Wakacheka, nami nikacheka, maana machozi yalikuwa karibu.

Lebo zikapita mkono kwa mkono. Bibi mmoja akaisogeza ya Elia karibu na pua, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Jamani, huu mkungu unaumwa?"

"Kwa nini, bibi?" Elia akauliza.

"Vidole vyote vinatazama chini. Ndizi zangu zikiwa mgombani vidole vinatazama juu. Au za Mbeya zimelala?"

Kicheko kikajaa nyumba. Mimi sikuwa nimetumia akili yoyote ya ajabu. Nilichora mkungu unavyokaa kwenye mgomba nyuma ya jiko la mama, kwa kuwa sikujua mwingine. Elia akakiri bila kuzunguka, "Nilinakili picha kwenye kitabu, bibi. Sikwenda mgombani."

Mama Tumaini akaipiga kofi lebo yangu pale mezani. "Hii ndiyo ndizi ya Ikuti! Binti, kazi ni yako. Ndaga, asante!" Vigelegele vikapigwa mpaka wapita njia wakasimama kuuliza nani anaolewa.

Lakini kila mtu apewe haki yake. Kabla hajaondoka, Elia aliniita pembeni. "Dada, hujaacha nafasi ya kukatia. Mashine ya kukata karatasi ikipita, jina la kikundi litakosa herufi ya mwisho." Sikuwa najua kitu hicho. Yeye alifundishwa chuoni, akanionyesha kwa rula, bila kinyongo. Asingesema, ningeaibika kwenye kazi yangu ya kwanza.

Pakiti zilipopangwa kwenye vibanda vya stendi ya Tukuyu, nilipita pale mara nne siku moja, najifanya nimesahau kitu. Leo nina ofisi yangu Ibighi na tuko watatu. Mmoja ana digrii, wawili hatuna, na kazi hazituishii.

Sasa nasaha yangu. Kazi ya kudizaini unaweza kuipata bila digrii, mimi niliipata. Lakini zipo ofisi ambazo bila cheti barua yako haifunguliwi, nami nimerudishwa huko mara mbili, sitakuficha. Ukipata nafasi ya kusoma, soma, na usimcheke aliyesoma. Usipoipata, beba kazi zako ulizozifanya kwa mkono wako, ukaoneshe. Kabla ya kuchora kitu, nenda ukakitazame kilipo. Na ukiulizwa cheti nawe huna, sema sina.

Mungu akupe jicho lenye subira na mkono usiochoka. Kila mlango utakaoubisha, aufungue mtu mwenye hamu ya kuona ulichobeba.