Mpira Ulioteremkia kwa Bibi

Uwanja wa shule yetu huku Machame ulikuwa umelala upande. Sitanii. Timu iliyopangiwa kushambulia juu ilicheza ikihema, ya kushambulia chini ilicheza ikijizuia isianguke, na mpira ukitoka haukusimama popote. Uliteremka moja kwa moja hadi kwenye migomba ya bibi jirani yetu. Mtoto aliyeupiga ndiye aliyeufuata. Alishuka, akapiga hodi, akasema "Shikamoo bibi," akaulizwa mama yake hajambo na ng'ombe wao amezaa au bado, ndipo akarudishiwa mpira, mara nyingi pamoja na ndizi mbivu. Na mimi huku juu nimesimama na filimbi yangu, nachemka. Kipindi chenyewe kifupi, na nusu yake inaishia kwa bibi!

Mimi ni mwalimu wa michezo na nina mdomo, wenzangu watakuambia. Kwa hiyo shule ilipopata fedha za michezo, na za michezo tu, nilizilinda kama kuku mwenye vifaranga. Mwalimu mkuu, mtu mwema kabisa, alianza kuwaza paa la ofisi linalovuja. Mwingine akataja rangi ya madarasa. Nikawaambia, "Hapana jamani. Hizi ni za miguu ya watoto. Paa litafute za kwake." Wakacheka, yakaisha. Tukakubaliana kusawazisha uwanja kwanza, halafu mipira na nyavu.

Lakini uwanja usingesawazika bila kile kipande cha chini, ambacho ni sehemu ya kihamba cha bibi, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba yake. Marehemu mume wake aliwaachia watoto wachezee, kwa maneno tu, zamani sana. Tukikikosa, tungebaki na uwanja wa kuchezea kuku. Nilimwendea bibi, nikamweleza. Akasema, "Chukueni, mwanangu, si ni watoto?" Nilipanda kurudi shuleni karibu nikikimbia, na umri wangu huu.

Greda likaja, likachimba juu na kujaza chini. Jumamosi wazazi wakaja kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kwetu hakuna anayeikwepa na kubaki na heshima yake. Udongo mpya ulikuwa unamomonyoka ukingoni, basi kina mama wakaleta mmea wanaoujua, wa majani marefu ya kijani: masale. Kila kihamba kinayo. Yanashika udongo, hayali mbolea, hayafi. Tukayapanda mstari mzuri, umenyooka, mpaka nikaupiga picha. Jamani! Watu wazima sote pale, Wachagga wa kuzaliwa, na hakuna aliyekumbuka kwamba huku kwetu isale ndilo mpaka. Ukilipanda umesema hapa ni pangu, na pako ni kule.

Jumatatu bibi alipanda mwenyewe na fimbo yake, akasimama katikati ya uwanja. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Mwalimu, nimewapa ardhi, mmenichorea mpaka. Basi sitaki tena. Irudisheni ilivyokuwa."

Akageuka, akateremka. Greda lilishaondoka na fedha yake, na mipira mipya ilikuwa bado kwenye mifuko. Msichana mmoja wa darasa la nne, mwenye mguu mkali kuliko wavulana wote, akaniuliza, "Madamu, kwani hatuchezi tena?" Nikamfokea anyamaze. Ningemjibu kwa upole ningelia mbele yao.

Dawa ya kosa lile kwetu ni isale hilo hilo. Ukimkosea mtu unampelekea isale, naye akiliona hawezi kukufukuza, sharti akusikilize. Tuling'oa mstari wote siku ile ile. Nikachagua moja lililonawiri, nikaongozana na mwalimu mkuu hadi kwa bibi. Tulimkuta barazani anachambua maharage.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Nikampa kwa mikono miwili. Alilishika, akapapasa majani yake moja moja.

"Nimesamehe," alisema mwishowe. "Masale yaliniuma, sikatai. Lakini kuna lingine." Akanyoosha fimbo kuelekea uwanjani. "Mmekazana sawazisha, sawazisha. Sasa mpira si utakaa huko huko juu? Hapa atakuja nani kuniamkia? Wanangu wako Dar, wananipigia simu Krismasi. Hawa wenu ndio wanaonijia. Nikisikia tu filimbi, naenda kutoa ndizi."

Nilimtazama mwalimu mkuu, naye alikuwa ameinama anachambua maharage ya bibi kana kwamba ndiyo kazi iliyomleta. Nilikuwa nimesimama juu pale miaka yote na filimbi, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza kwa nini zile ndizi huwa tayari kila mpira unaposhuka.

"Chukueni uwanja wenu," bibi akasema. "Nilikuwa nasema tu." Lile isale akalipanda mwenyewe, kando ya mlango wake.

Ukingoni tukapanda majani ya kulisha ng'ombe, yakashika udongo vizuri tu. Tukaacha nafasi katikati, na wazazi wakachonga ngazi za kuteremkia hadi mlangoni kwa bibi.

Leo uwanja umenyooka kama meza, nyasi zimeota, wasichana wana nyavu zao za netiboli. Mpira hauna sababu yoyote ya kuteremka. Lakini unateremka. Yule msichana wa darasa la nne, ambaye akitaka anafunga goli kutoka katikati ya uwanja, hunitupia jicho kwanza, kisha huupiga nje, upande wa ngazi, na kuukimbilia kabla sijapuliza filimbi. Mimi ninayegombeza watoto hata kwa soksi zilizoshuka, nageuka nautazama mlima, nasubiri, mpaka nisikie sauti yake kule chini: "Hodi! Shikamoo bibi!"