Mstari Mmoja Mpaka Korongoni

Leo nimefungua kibuyu cha mbegu zilizohifadhiwa kwa majivu zisiliwe na wadudu, na harufu ya majivu makavu ikanirudisha uani kwetu Endabash, nikiwa nimepiga magoti juu ya ngozi ya ng'ombe.

Bibi alikuwa amenipa mbegu zote za mahindi tulizobakiwa nazo, mia moja ishirini na saba, nizipange kwa mistari inayolingana. Kwake shamba la mistari isiyolingana lilikuwa aibu. Nikapanga mbili mbili, ikabaki moja. Tatu tatu, ikabaki moja. Saba saba, ikabaki moja.

"Umetafuna moja wewe," akasema.

Nikafungua mdomo aone.

Akapiga magoti mwenyewe. Alijaribu kila namna, vidole vyeupe kwa majivu, kisha akaziangalia kama mtu aliyetembelewa na mgeni mkubwa.

"Mjukuu wangu, hakuna kilichopotea. Hizi hazikubali kugawanywa."

Wanangu wananisomea kwenye simu kwamba wataalamu wamepata namba ya namna hiyo, namba tasa isiyogawanyika, ndefu hata haiandikiki ukutani. Mimi namwona bibi na jembe lake, tukizipanda zote mstari mmoja, kutoka mlangoni, kupita zizi, mpaka korongoni.