Mtu wa Saba Kwenye Kadi ya Watu Sita

Jambo la kwanza linaloonekana kwa Eustaki ni jinsi anavyoshuka kwenye baiskeli mahali ambapo wenzake ndipo wanapofaidi. Pale Malangali, barabara inapoanza kuteremka kuelekea mjini, vijana huachia breki na kunyoosha miguu, upepo ukawajaa makotini. Yeye hushuka. Huikokota baiskeli mteremko mzima, mkono wa kulia kwenye usukani, wa kushoto umezama mfukoni, akikanyaga polepole kama mtu aliyebeba mayai. Ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwenye mabega mapana kama mlango. Watoto wa shule humtania.

"Shikamoo mzee! Baiskeli yako inaogopa mteremko?"

"Marahaba. Baiskeli haiogopi kitu," hujibu. "Yenyewe ikivunjika, vipuri vipo dukani."

Zamani jibu kama hilo lisingemtoka. Eustaki ni mchimba visima, na mchimba visima mwoga hali. Alikuwa akiteremka shimoni kwa kamba huku akiimba sauti ya nne ya kwaya, na mwenzake Zephania, aliyebaki juu akivuta ndoo za udongo kwa roda, alikuwa akisema kwamba kisima cha Eustaki huanza kutoa nyimbo kabla ya kutoa maji. Wateja walipomuuliza kama haogopi kuumia, alicheka. Alikwisha kuugua surua utotoni, akasema, na baada ya hapo maradhi yakamsahau.

Majigambo hayo ndiyo yaliyomponza. Mahindi ya mwaka huu yalipokwisha kuuzwa, waandikishaji wa bima ya afya walifika ofisi ya kata. Eustaki alikwenda na mkewe Kalista, watoto wao wanne, na mama yake mzazi, Bi Kristiana. Dada mmoja kijana aliyeitwa Jane aliwapiga picha mmoja mmoja kwa simu. Alipofika kwa Eustaki akasita.

"Baba, kadi ni ya watu sita. Ninyi mko saba."

"Na huyu wa saba?"

"Anaweza kukatiwa kadi ya pili. Lakini bei ni ile ile, awe mmoja au wawe sita."

Fedha ya mahindi ilikuwa imekwisha kugawanyika: mbegu, mbolea, sare za shule. Kalista alimtazama mumewe. "Baba Vitus, tunamwacha nani?"

"Waandike hao," Eustaki alimwambia Jane kwa kinywa kipana. "Mimi siumwi."

Haki itendeke: kadi ile haikukaa bure. Mwezi wa nane, baridi ilipokaza, binti yao Mary alipatwa na homa ya mapafu. Alilazwa, akawekewa oksijeni, akarudi nyumbani akidai andazi, na hakuna aliyeambiwa auze mbuzi. Bi Kristiana naye, ambaye kama mzee alikuwa anaonwa na daktari bila malipo lakini dawa ya presha kila mara anaambiwa akanunue duka la nje, sasa alirudi kutoka kituoni na dawa yake mkononi. Alikuwa akiitikisa pakiti hiyo sikioni mwa majirani wasikie vidonge vikilia. Nyumba nzima ilipumua. Kwa nyumba ya mkulima wa Ufipa, ambako ugonjwa wa mtoto mmoja unaweza kuondoka na ng'ombe wa kulimia, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo mtetezi mkubwa wa bima mtaani akawa Eustaki, ambaye hakuwa nayo. Jumapili baada ya misa, kwenye pombe ya ulezi, alibishana na jirani yake Cleophas mpaka povu la kikombe likaisha.

"Mwaka jana sikuumwa," Cleophas alisema. "Ningelipa, hela yangu angekula nani?"

"Angekula aliyeumwa."

"Simjui!"

"Naye hakujui. Ndiyo maana hawezi kuja kukushukuru. Kunywa."

"Na mtu akifika pale, akaambiwa dawa hakuna?"

Eustaki alikizungusha kikombe, maana hilo nalo limewapata watu. "Basi atadai," alisema. "Asiye na kadi atadai nini?"

"Wewe unadai nini, Eustaki?" Watu wakacheka, naye akacheka.

Mwezi wa kumi alikuwa mtaa wa Mazwi akichimba kisima cha mama mmoja muuza nguo. Chini alikutana na jiwe. Alilivunja kwa sururu, akainua kipande kikubwa akitie ndooni, na hapo akasikia kitu kikiachia kwenye nena, pale paja linapoungana na tumbo, bila kishindo, kama fundo la kamba linalofunguka. Wimbo ulikatika. Zephania akainama juu ya shimo.

"Kaka, vipi? Umesahau ubeti?"

"Nivute."

Ilikuwa ngiri. Uvimbe ulianza kama yai la kuku, akilala unarudi, akisimama unatoka. Alimficha Kalista hadi Kalista alipoona anafunga viatu akiwa amelala chali. Wakaenda kituo cha afya.

"Hii dawa yake ni upasuaji," tabibu alisema. "Vidonge havisaidii. Bima unayo?"

"Nyumbani ipo."

"Ya kwako?"

"Ya kwetu."

"Jina lako limo?"

Eustaki aliangalia ukuta. "Halimo."

Tabibu alimtajia gharama kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa pole, kisha akamwonya: asiinue kitu kizito, asikimbie, asijikaze. Siku uvimbe utakapotoka ukakataa kurudi, na tumbo likauma, na akatapika, asingoje mtu. Utumbo utakuwa umebanwa, na hapo ni kufa au kupona. Njiani Kalista alikokota baiskeli, Eustaki akatembea pembeni yake mikono mitupu, na tangu siku hiyo mteremko ukawa adui.

Kisima cha Mazwi kikabaki nusu, na mwenye nyumba akawa anatuma salamu kila wiki, kwanza za pole, baadaye za kuuliza mvua zikianza shimo litabaki shimo kweli. Nyumbani jioni moja Bi Kristiana alisukuma sahani yake kando.

"Mwanangu, nifuteni mimi. Nimekula chumvi ya kutosha. Mwingizeni huyu."

"Hafutwi mtu, mama, mpaka mwaka wa kadi uishe," Kalista alisema. "Nimeuliza."

"Basi ukiisha."

"Ukiisha utakufa wewe kwa presha badala ya mimi kwa ngiri," Eustaki alisema. "Tutakuwa tumefanya nini?"

Bi Kristiana alifungua fundo la kitenge, akatoa vidonge vyake, akaviweka katikati ya mkeka kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Kalista akaviokota, akamfungia tena. Eustaki alitoka nje, akakaa anatengeneza mnyororo wa baiskeli ambao haukuharibika.

Aliyekuja na wazo ni Zephania. "Kaka, kwa ndugu yangu mimi ni mtu wa nane. Wewe kwako ni wa saba. Tukikusanyana tuliobaki, hatufiki sita? Kila mtu achange kipande, tukate kadi moja."

Hawakutafuta mbali. Alikuwepo Mama Emerensiana, mjane aliyejibanza kwenye chumba cha uani kwa mpwa wake, lakini kwenye kadi ya mpwa hana nafasi. Alikuwepo binti aliyerudi kwao baada ya ndoa kuvunjika, na mzee mmoja fundi cherehani ambaye wanawe wako mbali. Wa sita alijileta mwenyewe akiwa amevua kofia. Alikuwa Cleophas. Mkewe alikuwa ameuza maharage yake kimya kimya, akajiandikisha na watoto na mama yake mzazi, na yeye akamwacha nje ya kadi.

"Mume wangu alisema bima ni wizi," mke huyo aliwaeleza watu kisimani. "Sikutaka nimwibie."

Walikwenda ofisi ya kata wote sita, wamevaa nguo za kanisani. Jane aliinuka kwenye kiti.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu."

"Mkuu wa kaya ni nani?"

Mikono mitano ikamwonyesha Mama Emerensiana.

"Na hawa ni nani wako, mama?"

Mama Emerensiana aliwatazama mmoja mmoja. "Hawa ni waliobaki."

Jane alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Akaweka simu mezani. "Mama, kaya si foleni. Kaya ni watu wenye mkuu mmoja, wanaokula chungu kimoja."

"Tukila?" Zephania aliuliza.

"Mkila nini?"

"Chungu kimoja. Tukila?"

Msichana aliwahesabu kwa macho. Eustaki alikuwa amesimama nyuma, mkono mfukoni, na jasho lilikuwa linamtiririka ingawa upepo ulikuwa unapiga madirisha. Jane alimkumbuka. "Baba, wewe si ndiye uliyesema huumwi?"

"Ndiye mimi."

"Siwezi kuamua peke yangu," alisema hatimaye. "Nitawauliza wakubwa wangu. Nikirudi kutoka vijijini nitapita na mwenyekiti wa mtaa tuone mnavyoishi. Lakini nisiwadanganye. Sijui watasemaje."

Njiani Mama Emerensiana alisimama ghafla. "Mimi mbele ya mwenyekiti sisemi uongo. Jana tu nimepokea komunyo."

"Nani kakwambia useme uongo?" Cleophas alisema. "Pika."

Tangu jioni ile wanakula chungu kimoja. Mmoja huleta unga, mwingine maharage, binti huleta dagaa wa ziwani, na fundi cherehani, ambaye kwa miaka alikuwa akila peke yake amegeukia ukuta, amekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Cleophas hubishana na kila mtu hata kuhusu chumvi. Vicheko havikosekani. Ila Eustaki akimaliza hunawa haraka, akarudi kwake, ambako watoto wamekwisha kula. Juzi Mary alimwuliza mama yake kama baba amehama. Kalista alicheka mbele ya mtoto, kisha akaingia jikoni akakaa muda mrefu.

Na uvimbe haurudi tena kirahisi. Sasa lazima alale chini, akunje magoti, aubembeleze kwa kiganja huku akihesabu pumzi. Mawingu yamekwisha kulala juu ya milima ya Mbizi. Hakuna anachoweza kufanya kuhusu mawingu, wala kuhusu shimo la Mazwi, wala kuhusu neno linalosubiriwa kutoka kwa watu asiowajua, kwenye ofisi asiyoijua. Anachoweza ni kula ugali kwa Mama Emerensiana, na anakula hata siku ambazo hana njaa.

Leo mwenyekiti ametuma mtu: Jane amerudi, na jioni watapita kwa pikipiki. Hakusema amerudi na jibu gani. Mama Emerensiana amefagia ua mara mbili na kuongeza maji ya wageni. Kalista amekuja na watoto wote, na Bi Kristiana amekalia kigoda karibu na moto, vidonge vyake fundoni. Ugali umeiva. Zephania amenyoosha mkono afunue, Eustaki akamzuia.

"Asifunue mtu. Waje waone wenyewe."

Wamekaa kuuzunguka, sita, na sufuria imefunikwa. Kwa mbali, chini ya mteremko, pikipiki imebadilisha gia. Eustaki ametia mkono wa kushoto mfukoni, akainuka polepole, akasogea hadi mlango wa ua. Anasikiliza kama itapita, au itakata kona.