Dume la Nadhiri Katika Shamba la Ngano

Mama yangu aliweka nadhiri akiwa amekaa kwenye benchi la wodi, binti yangu amelala kitandani na homa isiyotaka kushuka. Hakunong'ona. Alisema kwa sauti iliyomfanya muuguzi ageuke: mjukuu wake akipona, yule ndama mwekundu mwenye baka jeupe usoni atachinjwa Idd ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja, kwa ajili ya Mungu, na nyama yote wapewe mafukara. Binti akapona. Kuanzia siku hiyo ndama hakuwa wetu tena, ingawa aliendelea kula kwetu.

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa hili, lakini wasomaji wa bara watanisamehe. Ukishamtaja mnyama kwa nadhiri, umemtaja. Humuuzi, wala humbadilishi na mwingine, hata huyo mwingine awe mnono kuliko yeye. Lazima afike Idd akiwa hai, ametimiza miaka miwili, si kilema, wala hajakonda kupita kiasi. Umri haukutusumbua. Alizaliwa Mfungo Mosi, na Mama anakumbuka vizuri kwa sababu alikuwa akifunga zile sita za baada ya Ramadhani. Kilichotusumbua ni mbavu. Kiangazi cha Maramba, kijijini kwetu, kilikuwa kirefu mwaka ule, na dume la nadhiri pamoja na wenzake wawili walibaki ngozi na macho.

"Dada, unampelekea Mungu kiunzi," mjomba alimwambia Mama. Mjomba ni mdogo wake, nyumba zao zinatazamana, na anafuga mbuzi wachache na maoni mengi.

"Atanenepa," Mama akasema, kisha akanitazama mimi.

Mimi naishi Tanga mjini na ninaandika makala. Nina shahada, na shahada yangu haihusu ng'ombe hata kidogo, jambo ambalo halijawahi kunizuia kuzungumza. Wakati huo nilikuwa nimetumia jioni nyingi kutazama kwenye simu wafugaji wa nchi za mbali wakiwaachia madume machanga katika mashamba ya ngano mbichi. Mashamba yale yalikuwa ya kijani kama zulia la msikitini, na ng'ombe waling'aa kama wamepakwa mafuta. Nikamwambia Mama kwamba nitapanda ngano.

Ngano kwetu ni unga. Inatoka dukani, inakuwa chapati au maandazi, na huko nyuma ilikotoka hakuna anayejali. Niliposoma chuo na mtu mmoja wa kaskazini, kunakolimwa ngano, sikujua kwamba siku moja atanifaa. Alinitumia gunia la mbegu kwa basi na ujumbe wa kuuliza kama nina akili timamu. Nilipanda mvua za masika zilipoanza. Ikaota. Majirani wakaja kuitazama, na mama mmoja akachuma jani, akalitafuna, akaniuliza unga wenyewe utatoka upande gani.

"Hautatoka," nikamweleza. "Kwa joto hili haitafika kuzaa. Tunataka majani tu, ng'ombe wale."

"Kwa hiyo umeipanda ili ishindwe," mjomba akasema.

"Nimeipanda iliwe majani, mjomba."

"Ndiyo nilivyosema. Mwakani utawapandia mpunga, wale pilau."

Kwa bahati mbaya nilikuwa nimejifunza masharti yake, na mtu aliyejifunza kitu juzi ndiye hatari zaidi kukifundisha. Ngano changa ni maji na nguvu tupu. Dume mchanga akiingia humo na njaa, asubuhi ya umande, tumbo linajaa gesi na anaweza kufa akiwa amesimama. Kwa hiyo kwanza ale majani makavu, ashibe nusu, ndipo aingie umande ukishakauka, na atoke kabla hajaanza kulala humo kama mgeni wa hoteli. Jioni apewe pumba za mahindi na chumvi ya mifugo iliyochanganywa na chokaa kidogo. Nilimweleza Mama yote haya barazani. Nilitumia neno "unyuzinyuzi". Nadhani nilitumia na "mmeng'enyo". Alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza taarifa ya habari ikifika kwenye mvua za nchi nyingine.

Hata hivyo mambo yalikwenda. Mbavu zikaanza kupotea, shingo ikajaa, manyoya yakalala. Kila Jumamosi nilipanda basi kwenda Maramba na jambo la kwanza nilichungulia mavi. Yakiwa mepesi kama uji, niliagiza majani makavu yaongezwe. Yakishikana, nilifurahi mchana kutwa. Sijawahi kufurahi hivyo kwa makala yoyote niliyoandika. Mjomba naye alianza kuleta watu kutoka swala ya Ijumaa, akiwaonyesha ngano na kusema "tulipanda".

Jumamosi ya mwisho kabla ya Idd nilimkuta Mama ametulia sana kwenye lango, ana tabasamu la mtu aliyetenda jema.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Leo nimemtenga yule wa nadhiri na wenzake. Tangu jana sijampa makapi."

"Makapi gani?"

"Zile nyasi zako kavu, na zile pumba. Pumba wanakula kuku, mwanangu. Mnyama wa Mungu nimpe makapi, ng'ombe wa watu wale ngano? Nilipomaliza kuswali alfajiri nimempeleka mwenyewe pale penye majani mengi."

Nilikimbia. Dume alikuwa amesimama katikati ya ngano iliyolowa, kichwa chini, mate yanamtoka, ubavu wa kushoto umevimba hadi umepita mgongo. Hakuwa akitafuna tena. Alipumua kwa mdomo.

Kijijini habari haihitaji mtandao. Mjomba alifika na kisu, nyuma yake majirani, na wawili watatu kati yao walikuwa wamekumbuka kubeba mifuko. Siwalaumu. Mnyama akifa bila kuchinjwa ni kibudu, haliwi na Mwislamu yeyote, na nyama ile ingeishia shimoni. Mjomba alikuwa tayari anatafuta kibla kwa kutazama jua.

"Tumlaze sasa hivi," akasema. "Bado yuko hai, ni halali."

"Si Idd," Mama akasema.

"Dada, Mungu anajua nia yako."

"Anajua na tarehe."

Akichinjwa siku ile angekuwa nyama, lakini asingekuwa nadhiri, na Mama alikuwa na hakika kwamba mbele ya Mungu kuna mtoto aliyerudishwa kwa mkataba. Akingojewa akafa, Mama angekuwa amepoteza vyote viwili, tena kwa mkono wake mwenyewe uliomfungulia.

Nilimpigia simu daktari wa mifugo. Gari lake lilikuwa limenasa kwenye tope upande wa Mkinga, akanielekeza huku nikisikia watu wakisukuma: mpe mafuta ya kula, mfunge kijiti mdomoni kama lijamu ili atafune, mtembeze mlimani miguu ya mbele ikiwa juu. Mama akaenda jikoni, akarudi na dumu la mafuta ya maandazi ya Idd. Nilimimina kwa chupa ya soda pembeni mwa mdomo. Mengine aliyameza, mengine yaliingia kwenye shati langu hadi kifuani. Mjomba alichomeka kisu kiunoni, akashika kamba, akavuta.

"Nakwambia kabisa," alimwambia Mama, "akipiga magoti, nachinja."

"Akipiga magoti," Mama akakubali.

Tulipanda kilima cha nyuma ya shamba kama maandamano ya chama kisicho na wanachama. Mjomba mbele, mimi nasukuma nyuma, Mama ubavuni akikanda tumbo kwa viganja vyote huku midomo ikisoma. Katikati ya njia dume akateleza, goti la kulia likagusa chini. Mjomba akatupa kamba na mkono wake ukaenda kiunoni.

"Goti moja," Mama akasema.

"Dada."

"Tulisema magoti. Shika kamba."

Mjomba akaokota kamba. Mama akaegemeza mwili wake wote kwenye ule ubavu, mwanamke mfupi aliyevaa kanga mbili, akakandamiza. Dume akainua goti, akanyoosha shingo, na kilichomtoka mdomoni kilikuwa kirefu, chenye sauti, na harufu ya ngano iliyochacha. Kilimpata mjomba usoni. Alisema Alhamdulillahi akiwa ameziba pua. Kikafuata kingine, na kingine, ubavu ukashuka huku tukiutazama, na wale wenye mifuko wakaikunja taratibu, wakatupa pole kwa heshima ya watu waliokosa kitu.

"Kwa nini hukuniambia?" Mama aliniuliza tulipokaa.

"Nilikwambia siku ile barazani."

"Uliniambia unyuzinyuzi. Hukuniambia atavimba."

"Na wewe hukuniambia kwamba pumba ni dharau."

Kisha akatoa masharti yake. Majani makavu atakula, lakini yachaguliwe. Pumba atakula pia, lakini zitoke mashineni siku hiyohiyo, zisiwe za gunia la kuku, na atapewa ndani ya beseni jipya. Kwa siku zilizobaki dume la nadhiri alikula pumba ndani ya beseni lenye maua, na wenzake wakimtazama kutoka kwenye hori langu la kulishia.

Siku ya Idd, baada ya swala, alitembea mwenyewe hadi penye kivuli. Mjomba alimfungua kinywa, akayatazama meno, akaridhika na umri, akamchinja kwa mkono mwepesi. Mwenye nadhiri hali nyama yake, wala wale anaowalisha, kwa hiyo Mama alisimama kugawa tu. Mjomba alijitangaza kuwa fukara. Mama akamkumbusha mbuzi wake. Mafungu yakaenda kwa wajane, kwa wakata mkonge waliozeeka, kwa yule mama aliyetafuna jani. Ngozi ikaenda, na kichwa, na miguu.

"Kimebaki kitu?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Basi," akasema, akanawa mikono.

Tulikula wali na kunde. Harufu ya nyama ilitufikia kutoka kila nyumba, na nilikuwa nimeilisha nyama ile kwa wiki nyingi kiasi kwamba nilihisi naifahamu. Mama alivuta pumzi ndefu, akafumba macho kidogo, kisha akanisogezea bakuli akaniambia niongeze kunde.