Mkojo wa Ambakisye ulipokata, Mwaya

Wakuu, salaam. Haya niliyaona kwa macho yangu, chumvi sijatia.

Nilitoka Tabora kwa miguu, mzigo wa Mdachi kichwani. Tuliposhuka Rungwe na kuiona Mwaya, migomba mpaka Ziwa Nyasa, nikajua hapa nabaki. Na mimi si mtu wa kutulia.

Mvuvi mmoja, Ambakisye, akanipa chumba. Mkewe Tusekile akanizoesha mbalaga, ndizi zao za kupika. Mpaka leo nikila ndizi kwingine naona kama nimedanganywa.

Ambakisye homa zilimwandama. Kwinini ya misheni alimeza akizidiwa tu. Akipata nafuu anaacha.

Asubuhi moja akaniita nyuma ya nyumba. "Gwe, njoo uone."

Mkojo mweusi kama kahawa.

Kesho yake macho yakawa ya njano, na mkojo ukakata kabisa.

Kule mgonjwa haachwi peke yake. Kila jirani aliingia na kibuyu cha maji. "Kunywa, taata, uusukume!" Naye akanywa, kwa kuwaheshimu. Miguu ikavimba, akawa hawezi kulala chali, anahema tu.

Muuguzi wa misheni, mama wa Kidachi, akaja kwa mtumbwi. "Figo zimezimia, hazijafa," alisema. "Kwinini basi, asimeze tena; ndiyo iliyoamsha haya. Maji apewe kwa kipimo cha anachotoa, na kikombe kidogo juu yake."

Dawa nyingine hakuna, wakuu. Ni kungoja.

Tusekile akakaa mlangoni na chungu cha wafinyanzi wa Ikombe, akimzuia kila jirani mwenye kibuyu. "Ndaga, asante, mama, mimina humu. Nitampa mwenyewe."

Shangazi wa mume akafoka, "Unamuua mwanangu kwa kiu!"

"Akifa, shangazi, utanizika naye. Leo mimina humu."

Ndani, Ambakisye alilamba midomo akinitazama. Nikageukia ukutani.

Siku zikapita hivyo. Mchana mmoja Ambakisye akajikongoja nje, tukasikia mchuruziko nyuma ya nyumba, mdogo, kisha mrefu. Tusekile akapiga kigelegele. Shangazi ndiye aliyeanza kucheza.

Kwa hiyo mkojo ukigeuka rangi au ukikata, tafuteni mganga wa hospitali siku hiyo hiyo, na maji msimjaze mgonjwa kwa huruma. Aliyewahi kuuguza hivi atueleze kwao walifanyaje.

Mimi niliondoka vita ya Mdachi na Mwingereza ilipokaribia. Ambakisye alinisindikiza mpaka mwisho wa mashamba ya mpunga.

"Subiri kidogo, gwe." Akaingia migombani, akakawia makusudi. "Unasikia lakini?"

"Nasikia, mzee. Ziwa litajaa!"

Tulicheka mpaka machozi. Kisha nikashika njia, na sijarudi tena.