Bomba Lililokuwa Likimtekenya Mama

Jiko la stima la mama lilinigharimu shilingi elfu ishirini na nne na mia nne. Nimehesabu mara mbili. Hesabu ya kwanza ilitoka elfu kumi na sita na mia nane, na kwa wiki tatu niliisimulia sokoni Jericho, ninakouza mapazia ya mitumba, kama mtu anayesimulia harusi aliyoipanga mwenyewe. Katikati ya hesabu hizo mbili kuna kitu kimoja nilichokikata kwa kalamu yangu. Bei yake ilikuwa elfu moja na mia nane.

Mama anaishi peke yake kwenye zile nyumba za zamani za serikali, safu ya nyumba kumi na mbili. Ana vyumba viwili na jikoni penye bomba la maji, na sakafu ya saruji nyekundu anayoipiga deki kila asubuhi utadhani kuna mkaguzi njiani. Mwaka juzi alishikwa na homa, akapona, lakini pua haikupona naye. Hasikii harufu yoyote. Mwanzoni tulilichukulia kama mzaha. Alisema ukiishi karibu na mtaro kama wetu, hiyo si hasara.

Asubuhi moja nilimpelekea mkate, nikaisikia gesi kabla sijabisha hodi. Mama alikuwa kwenye kigoda anachambua mchele, kiberiti mapajani. Alikuwa amefungua gesi ili abandike maji, akakumbuka mchele una mawe, akaona amalize hilo kwanza.

"Karibu," akasema. "Chai bado."

Nilifunga mtungi, nikafungua dirisha na mlango, nikachukua kile kiberiti nikakitia kwenye mkoba na sikukirudisha. Kisha nikakaa tukachambua mchele pamoja. Ulikuwa na mawe tisa. Niliyahesabu kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi.

Nilimwambia ahamie kwangu Mowlem. Akasema kwangu ni ghorofa ya nne na jikoni kwangu kuna mwenyewe. Nikasema basi nitampelekea chakula kilichoiva.

"Siku ukiniona nimekaa napikiwa," akasema, "ujue niko kitandani, na mmeshaanza kuitana."

Kwa hiyo gesi ilikuwa lazima iondoke na mama ilikuwa lazima apike. Ndivyo nilivyofika Eastleigh kutafuta jiko la stima la kuzamishwa kwenye meza, sahani mbili za chuma. Mwenye duka alitaka elfu kumi na mbili. Nilitoka mara mbili, mara ya pili nikafika hadi ngazini, na huko ndiko alikonifuata na elfu nane na mia tano. Jiko lilikuwa limekaa stoo muda, boksi limelowa pembeni. Boksi hilo ndilo nililotumia kuangusha mia tano ya mwisho. Sikujiuliza maji yaliyolowesha boksi yalifika wapi tena.

Fundi wa stima niliyempata alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwimbaji wa kwaya, anayeandika orodha ya vifaa kwa mwandiko wa barua ya posa. Aliisoma kwa sauti, akieleza kila mstari bila kuulizwa.

"Waya mnene, wa jiko peke yake, kutoka kwenye boksi la stima hadi hapa. Jiko hili halichomekwi kwenye soketi ya redio, madam. Breka ya kwake lenyewe, ikate stima ikizidi. Swichi ukutani, mbali na bomba, mahali mama ataifikia bila kupitisha mkono juu ya sufuria. Na fimbo ya shaba, nje, ipigiliwe ardhini mita moja na kitu. Elfu moja na mia nane na kazi yake."

Waya nilimwachia. Breka nilimwachia. Ufundi wake niliupunguza kutoka elfu tatu na mia tano hadi elfu mbili na mia tano, akakubali kwa sauti ya mtu anayekubali mapenzi ya Mungu. Nikafika kwenye fimbo.

"Hii ya nini?"

"Stima ikivuja kwenye jiko, ipate njia ya kwenda chini. Ikikosa njia inapitia kwa mtu."

"Na nyumba imekaa miaka yote hii bila fimbo?"

Aliinama chini ya sinki. Pale kulikuwa na waya mzee wa kijani uliofungwa kwenye shingo ya bomba. "Zamani walifunga kwa bomba la maji," akasema. "Bomba la chuma linapita ardhini safu nzima, kwa hiyo lilitosha."

"Si bomba ndilo hilo hapo?"

"Ndilo."

"Ni chuma?"

Aliligonga kwa bisibisi. Likalia kama chuma. "Ni chuma," akasema.

"Sasa fundi, tunazika elfu moja na mia nane ya nini, na chuma cha bure kiko ukutani?"

"Mimi ningeweka, madam."

"Wewe ungeweka kwa sababu pesa ni zangu."

Nikachukua kalamu na kupiga mstari juu ya fimbo ya shaba. Aliutazama ule mstari, akakunja karatasi na kuitia mfukoni. "Wenye nyumba ni nyinyi," akasema. Kesho yake akaliunga jiko na ule waya wa kijani, likawaka. Mama alipika maharagwe, akasema sahani za chuma ni nzito za kuelewa lakini zikishaelewa hazisahau. Kwake hiyo ni sifa. Mimi nikaenda sokoni kusimulia.

Wiki ya tatu mama akaniambia, kama habari ya hali ya hewa, "Bomba linanitekenya siku hizi."

"Linakutekenya vipi?"

"Nikitia udhu. Vidoleni, hapa."

Nikamwambia ni damu, umri, apunguze chumvi. Sijivunii hilo, lakini mitaa yetu ndiyo hii. Mtu akikwambia shawa yake ya stima inashika mtu, unamuuliza inashika sana au kidogo. Akisema kidogo, mnaendelea na mazungumzo.

Siku mbili baadaye nikakuta slipa za mpira zimepangwa mlangoni pa jikoni, jozi ya mama na jozi ya wageni. Mama alikuwa ameshaweka utaratibu. Jiko likiwashwa bomba linatekenya, likizimwa linaacha. Kwa hiyo hutia udhu kwanza, halafu hupika.

"Na adhuhuri ikiingia wali uko motoni?"

"Navaa slipa."

"Unaosha miguu na slipa?"

"Mguu mmoja mmoja," akasema. Akanionyesha. Alishika ukingo wa sinki kwa mkono, akasimama kwenye slipa ya kushoto na kuutoa mguu wa kulia, juu ya sakafu iliyolowa, mwanamke wa miaka sabini na mbili. Alikuwa akifanya hivyo kila siku, akiniambia chai bado.

Nilizima jiko kwenye swichi, nikaenda nyumba ya mwisho ya safu kumwita mzee mmoja aliyefanya kazi ya kutunza mashine kiwandani, Industrial Area, mpaka alipostaafu. Bado huweka testa, bisibisi ya kupimia stima, kwenye mfuko wa shati kama wengine wanavyoweka kalamu. Alikuja bila haraka. Akatutoa sote hadi mlangoni, akavaa slipa za wageni, akasema jiko liwashwe, akaligusa bomba kwa ncha ya testa. Kitaa kikawaka. Mimi nilikuwa mlangoni na nilikiona.

"Zima," akasema. "Si hapo kwenye swichi. Nenda kwenye boksi uzime nyumba nzima."

Nilizima nyumba nzima. Mzee alitoka nje na kuzunguka hadi ukuta wa jikoni, akaomba panga, akachimba pale bomba linapoingia ukutani. Chuma kilikuwa na urefu wa kutoka kiwiko hadi vidole. Baada ya hapo kulikuwa na kiungo, na baada ya kiungo plastiki nyeusi, inaenda zake upande wa nyumba ya jirani.

"Plastiki hii iliwekwa na nani?" mzee akauliza. Alikuwa anajua.

"Na mimi," nikasema.

Ilikuwa kweli. Miaka mitatu nyuma mabomba ya safu nzima yalikuwa yameoza, maji yanapotelea udongoni. Mimi ndiye niliyemtafuta mwenye plastiki, nikamshusha bei karibu nusu, nikakusanya mchango nyumba kwa nyumba. Kila nyumba ilibaki na kipande cha chuma kwenye ukuta wa jikoni kwa sababu kubomoa ukuta kungeongeza gharama, na hilo pia niliamua mimi.

"Na chuma cha zamani?"

"Kiliuzwa kwa kilo."

Mzee alipangusa panga kwenye nyasi. "Msichana wangu, waya wa ardhini wa mama yako umefungwa kwenye chuma cha urefu huu, halafu plastiki. Jiko limeshika unyevu, linavuja. Stima inashuka na ule waya mpaka bombani, inakosa pa kwenda. Inakaa pale inamngoja mama yako."

Nikakumbuka kitu ambacho ningependa nisikikumbuke. "Mzee, siku ya mkutano wa bomba uliinua mkono."

"Niliinua."

"Ulitaka kusema nini?"

"Hiki."

Siku ile nilisema maswali baadaye, maana bei inaisha saa kumi. Watu walinipigia makofi. Mzee alirudi kwake, na wiki iliyofuata akapigilia fimbo yake mwenyewe nyuma ya nyumba. "Nilikuja kukuambia tena," akasema, "nikakuta wanakusifu. Nikaona nisikuharibie." Alisema hivyo bila kunisuta.

Fundi alikuja asubuhi yake. Kabla sijafungua mdomo alitoa ile karatasi mfukoni na kuikunjua. Fimbo ya shaba ilikuwa pale, kwa mwandiko wake, na mstari wangu juu yake, umenyooka vizuri. Nilidhani ataishia hapo. Akasema, "Lakini mimi pia nilikosa. Niligonga bomba ndani, sikulifuata nje. Na mtu akikata fimbo, kazi huachwa. Mimi sikuacha."

Akataja bei upya: fimbo na waya wake, sahani mpya badala ya iliyoshika unyevu, swichi ya kwenye boksi inayokata yenyewe stima ikivuja, na ufundi. Elfu saba na mia sita. Kisha akasubiri nipunguze. Nikamlipa. Alizihesabu, akaniangalia, akazihesabu tena.

"Madam, mko sawa?"

"Piga fimbo, fundi."

Fimbo ilikutana na mawe mara mbili, akaihamisha, ikazama. Ule waya mzee wa kijani aliutoa bombani. Akapima kwa kifaa chenye namba, akamwita mzee naye apime kwa macho yake. Kwenye ile swichi mpya kulikuwa na kitufe. Alimwonyesha mama: bonyeza mara moja kwa mwezi, stima ikatike, ndiyo ujue inafanya kazi. Mama hukibonyeza kila siku baada ya alfajiri. Anasema mwezi ni mrefu.

Lakini siku ile hakuligusa jiko wala bomba. Alisimama mlangoni na slipa zake.

"Anza wewe," akaniambia.

"Fundi ameshapima, mama."

"Fundi hatii udhu hapa."

Nikavua viatu. Mama akawasha jiko, sahani zote mbili, akamwaga kopo la maji sakafuni bila kuulizwa. Nikasimama pale peku, nikafungua bomba kwa mkono mtupu. Yalikuwa maji tu, ya baridi.

"Tena," mama akasema.

Nikafungua tena. Kuhesabu mara mbili sikujifunza sokoni. Kisha akavua slipa, akaniondoa kwa kiwiko na kutia udhu wake polepole, miguu yote miwili chini. Mimi nilisimama nyuma yake kama mtu anayefundisha mtoto baiskeli, mikono imetangulizwa mbele, haishiki kitu.

Mama alipomaliza kuswali, mzee alikuwa bado kwenye kigoda, chai mkononi, macho kwenye ukuta kama anasoma. "Nyumba ni kumi na mbili," akasema. "Hii imetengenezwa, na yangu ina fimbo. Zimebaki kumi."

Nilikuwa nimeshazihesabu. Zote zina waya mzee wa kijani, zote zina kipande changu cha chuma ukutani. Wawili wana shawa za stima. Mmoja ana friji. Na mama wa nyumba namba saba, aliyenisikia sokoni nikijisifu, alinunua jiko kama hili wiki iliyopita. Nilimshauri mwenyewe asikubali kuuziwa fimbo. Ana watoto watatu, na wote hutembea peku.

Nilivaa viatu. Nikasimama mlangoni, nikatazama ile safu upande mmoja, nikaitazama upande wa pili. Hawa watu wameninunulia soda kwa ajili ya lile bomba. Mama alikuwa amekaa anachambua mchele wa jioni, na kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima nilimuuliza bila kuwa na bei yangu tayari kichwani.

"Mama, namba saba naanza naye. Lakini niambie, nikishabisha hodi, naanza na neno gani kabla hajaniwekea chai kwenye hilo jiko?"