Uzi Mweupe Ndani ya Kiwavi

Nakumbuka mlio kwanza. Asubuhi moja, miaka ya vita vile vikubwa, nilisikia manyunyu nyuma ya nyumba yetu Kisauni, nikatoka mbio kuanua nguo. Nguo zilikuwa kavu, mbingu haina wingu. Manyunyu yale, mwanangu, yalikuwa meno: viwavi maelfu wakitafuna mahindi yangu.

Hayakuwa yangu hasa. Mavyaa, mama wa mume wangu, alikuwa ameniachia shamba akaenda Likoni kumuuguza dadake. Mchele wa ng'ambo ulikuwa umeadimika madukani. Mahindi yale ndiyo tungekula. Nami nilikuwa mke mgeni, kila nilifanyalo latazamwa.

Nikashika debe la maji ya moto, nikawa naokota na kutumbukiza, wazima kwa wagonjwa. Mama Dama, Mgiriama mwenye shamba lililopakana na letu, akanitazama weee, kisha akasema, "Bibi harusi, hata anayejifia wamuua?"

Akachuma kiwavi mmoja aliyelegea, akamweka kiganjani. Ngozi ikapasuka, ukatoka uzi mweupe, mrefu kuliko kiwavi mwenyewe, ukijisokota.

"Wallahi, huu uchawi!"

"Ningekuwa na uchawi ningelima na mgongo huu?" Akacheka. "Ni mnyoo. Humla kiwavi kwa ndani, akishiba huingia mchangani kuzaa. Wanawe nao hutafuta viwavi wao. Wewe okota wazima. Wagonjwa waache chini, wafunike majani, tia maji."

Lau ningemtii, nisingekuwa na la kukusimulia. Lakini nilitaka kuona. Nikakusanya wagonjwa wote, wote mwanangu, nikawatia katika kifuu chenye mchanga, nikakiweka barazani penye mwanga. Nyuzi zikatoka moja moja, zikapapasa mchanga. Nilisahau hata kupika. Nilipokwenda kisimani na kurudi, jua lilikuwa limezikausha kama nywele zilizobaki kwenye kitana.

Mama Dama alikitazama kifuu. "Kutazama umetazama. Kunywesha je?"

Kesho yake aliniletea wagonjwa kutoka shambani kwake, tukawazika penye unyevu, chini ya majani. Wazima nikaendelea kuwaokota kutwa. Tuliokoa kama nusu ya mahindi, na sidai kwamba minyoo ndiyo iliyoyaokoa. Msimu ule ni vidole vyangu. Msimu uliofuata ndipo nilipoanza kuona viwavi wamelegea huku na huku.

Basi, mwanangu, ukikuta kitu usichokijua, usikimbilie kukiua, wala usikitoe kinapoishi ili kikufurahishe macho. Uliza kinakula nini, kinalala wapi, kinaogopa nini. Mungu akupe macho yasiyochoka na mkono usio na pupa.

Na mavyaa je? Alirudi msimu ule ule, akaona mistari iliyotafunwa na majani niliyoyarundika, akaja na kigae cha makaa.

"Takataka hizi ndizo zinazoficha wadudu."

"Usichome, mama." Sikuwa nimewahi kumkataza neno. "Inama uone."

Akainama. Nikafunua majani, nikachimbua mchanga kidogo kwa kidole, mnyoo mweupe akajisokota. Alikaa pale kwa magoti mpaka makaa yakaanza kufifia.

"Na huyu hali mahindi?"

"Hali, mama. Amla mlaji."

Akaguna. Akaurudisha mchanga taratibu kwa kiganja, akaokota kigae chake, akaingia jikoni, akauvuta mlango nyuma yake.